Nataka Kumpeleka Mama Safari ya Meli, Kaka Anasema Kwanza Makka

Bi Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Southampton, kusini mwa Uingereza, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nilizaliwa Pemba, mtoto wa tatu kati ya watano, na kwa kuwa baba yetu alitangulia mbele ya haki tukiwa wadogo, mama ndiye aliyetulea peke yake kwa karafuu za shamba dogo alilorithi na kwa kushona nguo za watu. Sasa ana umri wa miaka 71, anaishi Wete pamoja na mdogo wetu wa mwisho, ana presha anayoituliza kwa vidonge vya kila siku, na goti la kulia humsumbua apandapo ngazi. Mwakani, Mungu akipenda, atakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza, na katika ziara hiyo nimepanga kumpeleka safari ya wiki moja kwa meli ya kitalii. Nilidhani jambo hili ni la furaha tupu, lakini limezua mtafaruku katika familia yetu na limeninyima usingizi.

Naomba nieleze kwa nini nimechagua meli. Mimi na marehemu mume wangu tulizipenda mno safari hizi. Southampton ndiyo bandari yenye shughuli nyingi zaidi za meli za kitalii nchini Uingereza, na sisi tuliokuwa wakazi wa hapa hatukuhitaji ndege wala hoteli: tulichukua teksi na masanduku yetu mchana, na jioni tuko baharini. Tulikwenda Hispania, Ureno, visiwa vya Canary na Norwe, na kila likizo tulianza kuipanga inayofuata kabla hatujashuka. Tangu afariki sijapanda meli tena.

Katika miaka hiyo nilijifunza mambo ambayo abiria mgeni hujifunza kwa gharama. Najua kwamba kabini ya katikati ya meli, kwenye deki za chini, huyumba kidogo kuliko ya mbele kabisa au ya juu, na kwamba kabini ya ndani isiyo na dirisha ni nafuu kwa bei, lakini mtu huamka asijue kama ni alfajiri au adhuhuri. Najua kwamba masanduku makubwa huchukuliwa na wapagazi pale gatini na huenda yasifike mlangoni mwa kabini hadi jioni, kwa hiyo dawa, miwani, pasipoti na nguo moja ya kubadilisha hukaa katika mkoba wa mkononi. Simu mimi huiweka katika hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga, kwa sababu mtandao wa simu wa melini hutoza fedha nyingi kwa dakika chache. Nikishuka bandarini kwa matembezi yangu mwenyewe, hurudi saa nzima kabla ya muda uliotangazwa, maana meli husubiri basi la matembezi iliyoyauza yenyewe, lakini haimsubiri mtu aliyejitembelea. Kila niingiapo ukumbi wa chakula huosha mikono kwa maji na sabuni, kwa kuwa jeli ya mikono haiviui vizuri virusi vya norovirus, ambavyo vikishaingia melini hutapisha na kuharisha watu kabini kwa kabini. Chakula cha halali hukiomba kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya safari, na siku ya kwanza humtafuta msimamizi wa ukumbi nikamkumbusha ana kwa ana, kwani mchuzi unaweza kuwa umetiwa mvinyo bila mtu kukuambia. Na daima hubeba kopo la plastiki kwa ajili ya maji ya chooni, kwa sababu vyoo vya melini mara nyingi vina karatasi tu, tena huvuta uchafu kwa hewa kwa mlio mkali unaomshtua asiyeonywa. Mimi hufunika kwanza, kisha nabonyeza.

Haya yote nimeyapanga kwa ajili ya mama. Nimechagua safari ya mwezi Juni kwenda Norwe, itakayopita Stavanger, Olden na Bergen, kwa kuwa zile ghuba nyembamba katikati ya milima maji yake ni matulivu na mtu huyaona maporomoko akiwa ameketi. Kampuni imenishikia kabini yenye roshani kwa bei ya punguzo hadi mwisho wa mwezi huu.

Kaka yangu mkubwa, aliyeko Dar es Salaam, aliposikia alikasirika. Alisema mama hajahiji, na kwamba ni aibu kwa mtoto wa Kiislamu kumtembeza mzazi wake katika meli yenye baa na kamari ilhali hajaiona Al-Kaaba. Aliongeza kwamba fedha zile zingetosha Umra na salio likaezeka nyumba ya Wete upya. Dada yangu anamuunga mkono, ingawa kwa upole zaidi. Mdogo wetu anayeishi na mama anasema nimwache mama apumzike nyumbani kwangu tu, kwa sababu tangu mwaka 2011, mama mdogo alipofariki katika ajali ya MV Spice Islander, mama hapandi tena boti ya kwenda Unguja. Akiwa na haja huenda kwa ndege ndogo, au haendi. Mimi naamini akiiona meli kubwa na salama, hofu ile itamtoka.

Nilipompigia mama mwenyewe, alinijibu, "Utakaloona lina kheri, mwanangu." Nimelichukua kuwa ameridhia, lakini kaka anasema mama hakutaka kunivunja moyo. Uwezo wangu ni wa jambo moja tu kwa sasa, si mawili. Je, niendelee na mpango wangu, au niwasikilize ndugu zangu?

Ni mimi mwanao,
Mpenda Bahari, Southampton


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mumeo. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyosokotana, na nadhani ugumu unaousikia unatokana na kujaribu kuyajibu yote kwa jibu moja. Kuna swali la fedha na ibada, ambalo kaka yako amelitanguliza. Kuna swali la bahari, ambalo mdogo wako amelitaja. Na kuna swali la nani hasa anaitaka safari hii, ambalo hakuna aliyelitaja waziwazi, ila kila mmoja wenu anajibu kana kwamba analijua.

Niruhusu nianze na maneno ya mama. Sisi tuliolelewa pwani tunajua kwamba mzazi anayeletewa zawadi na mwanawe aliye mbali ni nadra kuikataa kwa ulimi. "Utakaloona lina kheri" inaweza kuwa ridhaa kamili ya mtu anayekuamini, na inaweza kuwa adabu ya mtu asiyetaka kukurudisha nyuma baada ya kusikia furaha katika sauti yako. Mimi siwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na kwa hakika hata kaka yako hawezi. Ninachokuomba uangalie ni namna swali lilivyoulizwa. Kama ulimweleza mpango uliokwisha kukamilika, wenye mwezi, bandari na kabini, basi ulimwachia nafasi ya kukubali au kukuumiza, na mama kama huyo uliyemweleza, aliyewalea watano kwa sindano na karafuu, hatachagua kukuumiza.

Unaweza kumuuliza upya kwa njia inayofanya kukataa kuwe kwepesi. Mweleze mambo kadhaa yanayowezekana katika ziara yake, yote kwa uzito mmoja: kukaa nyumbani kwako na kuona unavyoishi, kutembelea London kwa siku chache, kupanda meli, kuitunza fedha kwa ajili ya Makka. Usimwambie ni lipi unalolipenda. Na kama unahisi kwamba kwako hatafunguka, mdogo wako anayeishi naye yupo karibu, au rafiki yake wa rika moja anayekaa naye barazani jioni. Mara nyingi mtu mzima humwambia shoga yake lile asilomwambia mwanawe. Hatari yake ni kwamba huenda ukasikia usilolitaka, na nafahamu kwamba si jambo dogo kwako.

Sasa bahari. Umeandika aya nzima juu ya kabini, simu, sabuni na kopo la maji, na kila neno lake ni la mtu anayezijua safari hizi. Ningependa kila msomaji wangu anayefikiria kusafiri aikate aya hiyo na kuitunza. Lakini kifo cha mama yenu mdogo umekipa sentensi moja. Sikulaumu kwa hilo, kwani huenda ndivyo familia yenu ilivyojifunza kuishi na msiba ule. Nakumbusha tu kwamba wengi wa waliopotea usiku ule wa Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, walikuwa watu wa Pemba waliokuwa wakirudi kwao, na kwamba kabla mwaka haujatimia MV Skagit nayo ilizama Julai 2012 ikielekea Unguja kutoka Dar es Salaam. Mtu aliyepita katika miezi ile haiogopi boti kwa kuwa ni ndogo au kuukuu. Unachotarajia wewe ni kwamba ukubwa wa meli utamtoa hofu. Inawezekana, inawezekana pia kwamba yeye haogopi kuzama hata kidogo, bali hataki kustarehe juu ya maji yaliyomchukua ndugu yake. Hofu tunaweza kuituliza kwa maelezo. Huzuni ya namna hiyo haitulizwi kwa maelezo, na mama ana haki ya kuwa nayo bila kuulizwa sababu.

Ikiwa ni hofu, yapo ya kumweleza kwa ukweli. Southampton yako ndiyo bandari iliyoondokewa na Titanic tarehe 10 Aprili 1912, na ni baada ya ajali ile ndipo mataifa yalipokubaliana, mwaka 1914, kwamba kila abiria awe na nafasi katika mashua ya kuokolea. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, ambapo watu 32 walipoteza maisha na baadhi ya abiria walikuwa hawajafanyishwa zoezi la usalama, sheria ilibadilishwa, na tangu mwaka 2015 zoezi hilo ni lazima lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Hapa nina tahadhari moja kwako wewe uliyezoea. Katika zoezi hilo abiria husikilizishwa king'ora cha dharura, milio 7 mifupi na mmoja mrefu, na katika meli nyingi kila mtu huoneshwa au hupelekwa mahali pake pa kukutania. Kwako ni jambo la kupita. Kwa mama, king'ora kile kikimkuta hakuonywa, saa moja tu tangu aingie melini, sijui kitamrudisha wapi.

Lipo jambo la kati unaloweza kulifanya bila kulipa senti ya kabini. Hapo kwenu pana bustani ya Mayflower, iliyo kando ya maji karibu na gati za meli, ambapo watu huenda kuziangalia zikiondoka jioni. Mpeleke mama siku moja, mkae kwenye benchi, umsikilize anasema nini. Akipenda zaidi, ipo feri ya magari ya kwenda East Cowes katika kisiwa cha Wight, ambayo huchukua kama saa moja katika maji yaliyokingwa na kisiwa chenyewe, na haihitaji viza nyingine. Ubaya wa njia hii ni kwamba utakuwa umeliacha punguzo lako lipite, kwa sababu mama hatakuwa amefika kabla ya mwisho wa mwezi. Hilo ni la kwako kulipima.

Kwa upande wa kaka yako, naomba tumsikilize vizuri kuliko sauti aliyoitumia. Sina elimu ya kutoa fatwa, na suala la kama Hija imemwajibikia mama yenu, ambaye hana mali yake mwenyewe ya kumfikisha, mnapaswa kumuuliza sheikh mnayemwamini ninyi nyote, si mimi, na si ndugu mmoja kwa niaba ya wengine. Lakini kuna hoja katika maneno yake ambayo haihusu aibu. Umra na Hija ni safari za mwili. Kule kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa peke yake ni mwendo wa zaidi ya kilomita 3, na ijapokuwa viti vya magurudumu vipo, joto na msongamano havipungui kwa sababu ya kiti. Goti linalolalamika kwenye ngazi leo halitakuwa na nguvu zaidi baada ya miaka mitano. Meli ya kitalii inaweza kumsubiri mtu hadi uzeeni sana, na wewe mwenyewe umewaona abiria wenye mikongojo wakifurahia. Hija haina subira hiyo, na nafasi zake kwa kila nchi zina idadi na muda wa kujiandikisha.

Pamoja na hayo, ningependa kujua kama mama ameshawahi kuulizwa anavyoitamani Makka, na lini. Kama kaka yako amelileta jambo hili baada tu ya kusikia habari za meli, si vibaya kumuuliza kwa heshima kama yuko tayari kuchangia, kwa kuwa mama ni wenu watano. Umesema uwezo wako ni wa jambo moja. Hukusema uwezo wenu nyote ni wa jambo moja. Iwapo ndugu wanne watabeba sehemu kubwa ya Umra na wewe ukaongeza kiasi, swali la ama hiki ama kile huenda likapungua ukali wake. Huenda pia wasichangie chochote, na bado hoja yake ikabaki kuwa na uzito. Na kuhusu baa na kamari, wewe unajua kwamba mtu anaweza kumaliza wiki nzima melini asikanyage huko. Lakini mama mwenye miaka 71 ambaye hajawahi kukaa mahali pa namna hiyo anaweza kukosa raha kwa kule kupita tu mbele ya mlango akielekea kula. Mwambie mapema atakayoyaona, ili aamue akiwa anajua.

Nije kwenye mambo ya karatasi, kwa sababu nahofia wewe, kwa pasipoti yako ya Uingereza kama unayo, hujalazimika kuyafikiria. Mama atahitaji viza mbili. Ya Uingereza ni ya kuja kwako, na uhakikishe inamruhusu kuingia tena baada ya meli kurudi. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza hiyo ya Schengen kwa kawaida huombwa katika nchi anayoishi mwombaji, si baada ya kufika ugenini. Maana yake ni kwamba huenda mama akalazimika kusafiri kutoka Wete hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kabla ya safari yenyewe, na ombi hilo halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kuingia. Ikikosekana viza hiyo, makampuni mengi humzuia abiria gatini hata akisema hatashuka bandari yoyote. Fikiria mama amezuiwa pale, mbele ya watu, na masanduku yake yamekwisha kuchukuliwa.

Bima nayo isikupite. Viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na wewe muuguzi unajua kwamba mgeni asiye mkazi akitibiwa hospitali za umma hapo Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama. Daktari wa melini hutoza kama daktari binafsi, na mgonjwa mahututi hushushwa bandari ya karibu au huchukuliwa kwa helikopta. Bima nyingi zinazouzwa Uingereza huhudumia wakazi wa Uingereza pekee, kwa hiyo tafuta inayomkubali mgeni wa umri wake, inayotaja safari za meli waziwazi, na utangaze presha yake bila kuficha. Ikiwa bei ya bima hiyo itakushtua, ni afadhali ikushtue sasa.

Juni ya Norwe ina jambo jingine kwa mtu wa ibada. Jua la Bergen mwezi huo huzama karibu saa 5 usiku na kuchomoza karibu saa 10 alfajiri, na giza kamili haliingii. Mama aliyezoea Magharibi ya saa 12 na nusu maisha yake yote atataka kujua ataswalije Isha, na wapi pa kuelekea kibla meli ikigeuka. Muulizieni sheikh kabla, pamoja na ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya, ili asikae kabini akihangaika. Baridi ya huko hata kiangazi itampata. Na Bahari ya Kaskazini, kabla ya kufika kwenye yale maji matulivu unayoyapenda, inaweza kuchafuka hata Juni, na kulewa bahari si jambo la kufurahisha kwa mwenye presha. Uliza daktari wake kuhusu dawa za kichefuchefu zisizogongana na vidonge vyake. Umwombee pia kiti cha magurudumu siku ya kupanda, na kabini iliyo jirani na lifti, kwa sababu meli hizo zina urefu wa mita mia kadhaa na njia za ndani ni ndefu mno kwa goti lake. Udi na chetezo aviache nyumbani kwako, melini haviruhusiwi.

Nimeacha mwisho jambo linalokuhusu wewe, mwanangu, na nalisema kwa upole. Umeandika kwamba tangu mumeo afariki hujapanda meli tena. Anayesafiri peke yake katika meli hizi mara nyingi hulipa karibu bei ya watu wawili, na meza ya watu wawili yenye mtu mmoja ni nzito kuliko bei hiyo. Je, yawezekana kwamba unamhitaji mama akae pale alipokuwa akikaa mumeo, ili uweze kurudi mahali mlipokuwa na furaha? Ikiwa ndivyo, hakuna aibu ndani yake hata chembe. Ila huo ni mwaliko mwingine kabisa. Mama akiambiwa anapelekwa starehe, atapima starehe hiyo na hofu yake, na marehemu ndugu yake, na Makka. Akiambiwa kwamba binti yake mjane hawezi kuingia melini peke yake, atapima jambo jingine, na naye ni mjane anayelijua vema. Huenda akaja kwa moyo wake wote. Huenda pia akakwambia kwamba hawezi bahari, lakini atakaa nawe miezi mitatu badala ya mmoja. Na hatari ya kumwambia ni hii: mama akijua unamhitaji, kukataa kutakuwa kugumu zaidi kwake, kwa hiyo mwambie pia kwamba yupo mwenzako wa kazini au rafiki anayeweza kwenda nawe, kama kweli yupo. Yapo makundi ya wasafiri wajane na wapweke katika safari nyingi za kutoka Southampton. Huenda safari yako ya kwanza ikawa na hao, na ya mama ikasubiri au isiwepo.

Kuhusu ile tarehe ya mwisho wa mwezi, kampuni za meli hutoa punguzo mara kwa mara, na amana ikishalipwa mara nyingi hairudishwi, huku salio likidaiwa takriban miezi 3 kabla ya safari. Uliza kwa maandishi kama jina la abiria wa pili linaweza kubadilishwa na kama amana inaweza kuhamishiwa safari nyingine, kisha uamue kama inafaa kuilipa kabla ya kusikia kutoka Wete. Kaka yako mpigie baada ya kuzungumza na mama, si kabla, na umfikishie aliyoyasema mama kwa maneno yake mwenyewe, hata yale ambayo hayakukupendeza wewe.